Wenzangu Walifanya Kila Kitu Sawasawa

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mwalimu wa usalama wa mtandao, swali lao la kwanza ni kama naweza kuwarudishia akaunti zao zilizoibwa. Nimeulizwa kanisani, nimeulizwa matangani, na mara moja muuguzi aliniuliza huku akinipima presha, kisha akashangaa kuona imepanda. Siwezi. Sikuwahi kuweza. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha vijana jinsi mlango unavyovunjwa ili wajue kuufunga, na niliifanya katika chuo kidogo cha Maryland mpaka kozi yenyewe ilipofungwa. Wengi hudhani iliuawa na wezi. Wezi walichangia, sitawanyima haki yao. Lakini walioimaliza walikuwa wenzangu, watu wazuri ninaowapenda mpaka leo, na hawakukosea hata hatua moja.

Chuo chetu ni kimoja kati ya vile vya kihistoria vya watu Weusi, vilivyojengwa zamani wakati vyuo vingine havikutaka kuwaona hata getini. Mimi ni mtu wa bara, Kenya, nimekulia kwenye majani ya chai, na nilipofika pale nilikuta wanafunzi ambao nyanya zao walisomea katika majengo yaleyale, chini ya mabomba yaleyale yanayovuja. Nilikipenda chuo kile. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu kuna mahali nitakisema vibaya.

Shida yetu haikuwa wanafunzi. Wanafunzi walikuwapo, wengine wakitoka zamu za maghalani na kuingia darasani na macho mekundu. Shida ilikuwa walimu. Eneo hili lote linalouzunguka mji mkuu limejaa ofisi zinazowatafuta watu wa fani yetu kwa udi na uvumba, na mwalimu akishajulikana tu, kampuni inayofanya kazi za serikali inamnyakua. Mwenzangu niliyeanza naye aliondoka hivyo, katikati ya muhula, amebeba kikombe chake na ua lake la dirishani. Nilimchukia kwa muda, kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa na madarasa yake ya kufundisha. Nikawa mwalimu wa kila kitu: mitandao, uchunguzi wa mashine zilizoshambuliwa, sheria, ulaghai. Kuna masomo niliyoyafundisha nikiwa ukurasa mmoja tu mbele ya darasa, nikimwomba Mungu asitokee mwerevu wa kuuliza swali.

Aliyenitoa katika hali hiyo alikuwa mama mmoja, Mmarekani Mweusi mzaliwa wa D.C., aliyefundisha somo hilohilo katika chuo kama chetu ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Alikuwa amekula chumvi nyingi katika kazi hii na hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Aligundua kwamba katika vyuo kadhaa vya watu Weusi vya karibu, kila kimoja kina mwalimu mmoja wa usalama wa mtandao anayekufa polepole peke yake. Akatupigia simu mmoja mmoja. Hakutuomba, alitwambia tu siku na mahali. Tukaanza kukutana Jumamosi katika mkahawa wa pupusa, vile vimkate vya mahindi vyenye jibini ndani, pale Riverdale Park, kando ya Route 1, watu watano na laptopu zetu, tukipaka mafuta ya chakula kwenye vitufe.

Hapo ndipo nilipomfahamu ndugu yangu wa Bukavu. Ni Mkongo, mrefu, mpole, anayevaa suti hata Jumamosi. Alikuwa anafundisha katika chuo kingine cha Maryland na kuishi Germantown na mkewe, na watoto wanaosikia Kiswahili vizuri sana lakini wakikujibu ni Kiingereza kitupu, kama binti yangu. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani na changu kina Kenya ndani. Siku ya kwanza yule mama alitusikiliza, akauliza kama tunagombana. Tulikuwa tunakubaliana.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kila mmoja angefundisha analolijua zaidi, kupitia skrini, kwa wanafunzi wa vyuo vyote, na hivyo nusu-walimu sisi tungekuwa idara moja nzima. Mimi nilichukua ulaghai, yaani jinsi mwizi anavyomfanya mtu afungue mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ndugu wa Bukavu alichukua mitandao, na ndiye aliyeitunza maabara yetu, ambayo ilikuwa seva moja kuukuu iliyowekwa chini kabisa ya jengo la chuo chake. Ndani ya seva hiyo kila chuo kilikuwa na chumba chake, sehemu iliyotengwa ambamo wanafunzi walishambulia na kujilinda bila kugusa mtandao halisi wa chuo chochote. Hilo msomaji alishike, kwa sababu kila kitu kilikuja kulitegemea: maabara yetu haikuwa chuoni kwetu. Ilikuwa kwake, mbali, na haikuunganishwa na mtandao wetu hata kwa uzi.

Sijawahi kufundisha vizuri kama nilivyofundisha wakati ule. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikikwama, nampigia ndugu wa Bukavu, naye anaacha sahani yake mezani na kunieleza taratibu mpaka nielewe. Wanafunzi wangu walianza kushindana na wa Virginia, wakitaniana kupitia skrini, na mara ya kwanza walipowashinda walipiga kelele mpaka mlinzi akaja kutazama.

Tulikuwa na desturi ambayo mtu wa nje angeiona ni wazimu. Tulitapeliana. Siku yoyote, bila onyo, mmoja wetu angewatumia wengine ujumbe wa uongo, na atakayenasa ndiye anayenunua chakula Jumamosi. Tulitaka vidonda vya kweli vya kuwaonyesha wanafunzi, tuwaambie hata mwalimu wenu hunaswa. Nilikuwa fundi wa mchezo huo. Nimeishi miaka mingi kwenye magrupu ya simu ya Wakenya wa hapa, ambako kila wiki kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna maiti ya kusafirishwa nyumbani, na humohumo kuna matapeli, kwa hiyo najua huruma ikichanganywa na haraka inavyompofusha mtu mwenye akili zake timamu.

Siku moja nilichukua matangazo ya kanisa aliyoyasoma yule mama, yaliyokuwa yamewekwa mtandaoni, nikayapitisha kwenye programu ya kuigiza sauti. Sauti hiyo ikampigia ndugu wa Bukavu na kumwomba paswadi ya seva. Akaitoa. Jumamosi ile hakula. Alikaa akiikata pupusa yake vipande vidogo vidogo, akatuambia kwamba alisikia hata jinsi mama anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Tuliacha kucheka.

Ndipo tukaweka kanuni, na nyingi niliziandika mimi. Sauti si ushahidi. Namba ya simu ya mkononi si ushahidi. Ujumbe wa haraka kutoka anwani ngeni haujibiwi. Unapiga simu ya ofisi ya mwenzako, ile tuliyoisajili. Na kila mwezi tutakuwa na neno letu, litasemwa kwa mdomo pale mezani na halitaandikwa popote. Mama akaongeza la kwake: chuo kikionekana kimetekwa, chumba chake kwenye seva kifutwe papo hapo pamoja na nakala zote, kabla ugonjwa haujawafikia wengine. Tuliinua mikono sote. Zilikuwa kanuni nzuri. Bado ni nzuri, na ningekuwa na darasa leo ningezifundisha vilevile.

Kisha chuo chetu kikatekwa kweli. Tulifika Jumatatu moja asubuhi, kila kompyuta inaonyesha tangazo lilelile la kudai fidia. Barua pepe zilikuwa zimekufa. Simu za ofisini, ambazo siku hizi hupita kwenye mtandao huohuo, nazo zilikufa. Alama za wanafunzi, malipo, hata kadi za kufungulia milango, vyote vilikwama, na watu wakazunguka korido wakiwa na karatasi mikononi kama wamerudishwa enzi za baba zao. Mimi, Mungu anisamehe ujinga wangu, nilidhani nitaitwa nisaidie. Nilikuwa mtu pekee chuoni aliyesomea balaa lile. Nilikaa ofisini nikingoja, hata chakula cha mchana nilikila palepale nisije nikakosekana.

Niliitwa Jumatano, saa za alasiri. Mkuu wa kitivo, mtu ambaye hajawahi kuniinulia sauti, alifunga mlango taratibu nikajua ni mabaya. Akasema kuna watu walio juu yake wanaoamini wezi waliingilia darasani kwangu. Si ndiko vijana wanakojifunza kuvunja? Nikamweleza kwamba maabara yetu haimo hata kwenye jengo lile, na imetengwa na mtandao wa chuo. Akasema yeye ananiamini. Lakini kamati ingekaa kesho yake asubuhi, na wapo waliokuwa wakitafuta sababu ya kuifunga kozi tangu ruzuku iliyokuwa ikiibeba ilipokatwa. Akanipa njia moja. Nimlete anayeitunza maabara, aifungue mbele ya kamati, wakione chumba chetu kwa macho yao na mahali kilipo. Nikiweza hilo, hawatakuwa na la kusema, kozi itabaki. Nikishindwa, itafungwa muhula ukiisha, na wanafunzi walio katikati watajitafutia pa kwenda. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichemsha damu kuliko kama angenitukana.

Barua pepe ya chuo sikuwa nayo, kwa hiyo niliwaandikia wenzangu wote kwa anwani yangu binafsi, ambayo hawakuwahi kuiona. Niliandika kwamba chuo kimeshambuliwa, kwamba kuna kikao kesho asubuhi, kwamba nahitaji maabara ifunguliwe mbele ya kamati na kwamba tafadhali mtu anijibu sasa hivi. Nilipoisoma kabla ya kuituma, nikaiona ilivyo. Anwani ngeni. Haraka. Wakubwa wanaosubiri. Ombi la kufunguliwa seva. Ilikuwa kila kitu nilichowafundisha watu kukikimbia. Nikajaribu kuilainisha, nikaongeza maelezo, nikataja mkahawa wetu, nikataja pupusa, na kila neno la kweli nililoliongeza liliifanya inuke utapeli zaidi. Mwishowe nikaituma hivyohivyo kwa sababu sikuwa na nyingine.

Kimya. Nikampigia mama wa Virginia kwa simu yangu ya mkononi, ikaita mpaka ikakatika, nikarudia, ikakatwa. Nikampigia ndugu wa Bukavu. Akapokea, na moyo wangu ukatulia niliposikia pumzi yake. Nikamwaga yote kwa Kiswahili, bila kupumua, nikidhani lugha yetu peke yake ingetosha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza neno la mwezi.

Sikuwa nalo. Jumamosi iliyopita sikwenda Riverdale Park. Muuguzi mmoja Mkenya alikuwa amefariki, na sisi Wakenya tulikuwa tumekusanyika kwenye fleti yake pale Adelphi kupanga safari ya mwili, na mtu wa kwetu haachi msiba akaenda kula pupusa. Neno lilibadilishwa siku hiyo mimi nikiwa nakata vitunguu jikoni kwa marehemu. Nilijua la mwezi uliopita tu, nikampa hilo, nikamwambia ndilo nililo nalo. Sasa nikikumbuka naona kwamba hapo ndipo nilipojimaliza. Asiye na neno anaweza kuwa mwenzako aliyesahau. Mwenye neno la zamani ni mwizi aliyeiba siri ya jana.

"Ndugu yangu, ni mimi," nikamwambia. "Unanijua. Nimekula kwako."

"Sauti ni yako kabisa, dada," akasema. "Lakini sauti haina maana tena. Ni wewe njo ulitufundishaka. Kama ni wewe, unisamehe."

Akakata. Nilipopiga tena, namba yangu ilikuwa imeshazuiwa. Nilitukana kwa Kikalenjin, peke yangu, ofisini, na sijutii hata neno moja.

Nikaona basi, sura haiigizwi mlangoni kwa mtu. Nikamwambia binti yangu kwa simu apashe chakula moto ale, nikachukua gari nikaenda Germantown. Anayezijua barabara hizi saa watu wanapotoka kazini anajua nasema nini. Magari yalisogea kidogo kidogo, nami nimekaa katikati nikizungumza na kioo, nikipanga maneno ya kumwambia, mengine makali sana. Niliona taa nyekundu mpaka upeo wa macho na nikahisi kwamba nchi nzima imekubaliana kunichelewesha.

Mkewe ndiye aliyefungua. Ni mama mchangamfu, anafanya kazi ya kutunza wazee, na alinivuta ndani kabla sijamaliza salamu. Mumewe hakuwapo. Sikujua mpaka jioni ile kwamba mwenzangu, mwenye shahada zote zile, alikuwa na kazi ya pili kama ya mkewe: alikuwa akimlinda mzee mmoja mgonjwa hadi asubuhi, na kwenye nyumba hiyo simu huzimwa na kuachwa mlangoni. Anwani mkewe hakupewa. Nikaanza kumweleza shida yangu, naye akacheka kwa furaha kabla sijafika popote.

"Ile maneno nilisikia," akasema. "Alienda ku-travail na furaha sana leo. Alisema walikamata mwizi mwenye alijifanya wewe. Mama wa Virginia aliwaandikia wote félicitations, hongera."

Nikamwambia kwamba hakukuwa na mwizi. Nilikuwa mimi. Akanitazama, tabasamu likimtoka polepole, akaenda kuniletea chai ambayo sikuwa nimeiomba. Tulikaa pale, watoto wakitazama televisheni. Akaniahidi kwamba mumewe akikanyaga tu mlango alfajiri atamleta chuoni kwangu yeye mwenyewe hata kwa kumsukuma. Nikaondoka nikiwa na nafuu. Nilijua maabara ipo, na mtu atakuja. Nilipika hata chai nilipofika nyumbani, nikamtania binti yangu kuhusu nywele zake.

Alikuja. Hilo sitaacha kulisema. Nilimkuta nje ya chumba cha kikao, koti la suti limevaliwa juu ya sare za kazi ya wazee, viatu vya mpira miguuni, macho yamevimba kwa usingizi. Nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayeogopa kuchafua mtu mwingine.

"Nilifuta," akasema. "Chumba chenu. Nilifuta yote jana, mbele ya kuenda kazini. Tulipiga simu ya ofisi yako, haikuita. Tukaona kweli chuo imeshikwa. Nikafuta na copies, sawa vile tuliandikaka."

Nilimuuliza kama hakuna kilichobaki, hata jina. Akatikisa kichwa. Alikuwa mfanyakazi makini sana, ndugu yangu yule. Hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu.

Tuliingia hata hivyo. Alifungua laptopu yake mbele ya watu wale waliovaa vizuri, akaifungua seva, ikaonekana kwenye ukuta. Vyumba vya vyuo vingine vyote vilikuwapo, vimejipanga. Chetu hakikuwapo. Akaeleza kwa Kiingereza chake cha kupima, akaeleza kanuni yetu ya kufuta na kwa nini kanuni hiyo ni ya busara, na kadiri alivyoieleza vizuri ndivyo nyuso zilivyozidi kufunga. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. Kisha akauliza kama kuna njia yoyote ya kuonyesha kwamba chumba hicho kiliwahi kuwepo. Akauliza pia, kwa sauti ileile ya upole, ni kawaida ya wasafi kufuta vitu siku moja kabla ya kuulizwa?

Ndugu wa Bukavu aliinama akaanza kutafuta tena kwenye seva. Alikuwa amekimbia vita na kuvuka mipaka, alikuwa amekaa kambini miaka, na sikuwahi kumwona akihangaika hivyo. Nikasema mimi. Nilisema mengi, na kwa hasira, na nikawaambia kwamba wanatafuta mbuzi wa kafara, na niliona mkuu wa kitivo akiinamisha kichwa kwa sababu alijua najiharibia. Sikujali. Tayari nilikuwa nimeuona ukuta ule usio na jina letu, na nilijua.

Kozi ilifungwa muhula ulipoisha. Wanafunzi wangu walitawanyika. Wachache walichukuliwa na chuo cha ndugu wa Bukavu, mmoja alikwenda Virginia kwa mama, wengine nimewaona madukani na tumesalimiana kwa haraka. Baadaye sana nilisikia kwamba wezi walikuwa wameingilia ofisi ya hesabu, ambako mtu alifungua ankara bandia iliyotumwa kwa barua pepe. Ni lile somo ninalolifundisha wiki ya kwanza kabisa. Hakuna aliyeniandikia kunieleza hayo, wala sikutegemea. Chuo kile nilichokipenda kilinitumia fomu ya kurudisha funguo, na watu walewale wenye heshima zao wakaendelea na heshima zao. Nimesema nitakisema vibaya, na ndivyo nilivyofanya, na bado nikipita karibu nacho nageuka kukitazama.

Mama wa Virginia alikuja kwangu Adelphi akapanda ngazi zote akihema. Alilia. Alisema amelipitia jambo lile kutoka kila upande, na hajaona mahali ambapo angefanya tofauti, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi. Nilimwambia hakuna mahali. Tulikaa tumeshikana mikono kwenye kochi langu, wanawake wawili waliojua kazi yao barabara.

Alipokuwa akiondoka aliniomba kitu, kwa aibu. Aliomba ule ujumbe wangu. Alitaka uwe zoezi la vyuo vyote, kwa sababu hakuwa ameona mfano mzuri kuliko huo, na kuachia mfano mzuri upotee ni dhambi kwa mwalimu. Nilikubali. Sikukubali kwa uungwana; nilikubali kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu nilitaka kitu changu kimoja kibaki darasani.

Ndugu wa Bukavu ndiye aliyenitafutia kibarua cha kusahihisha kazi za chuo chake, nikalipwa kwa saa, nikifanyia mezani kwangu nyumbani. Hatukuwa tukizungumza sana tena. Angenitumia mafaili na salamu, nami ningerudisha mafaili na salamu, na kila mara alianza kwa kuniita dada. Vuli ile, mafaili yalipofika, nikakuta zoezi lenyewe.

Swali lilikuwa moja: umepokea ujumbe huu kutoka kwa mwenzako, utafanya nini? Chini yake ulikuwapo ujumbe wangu mzima, jina tu ndilo lililoondolewa. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa wa mama, umeandikwa kwa haki na kwa makini. Alama kwa atakayeiona anwani ngeni. Alama kwa atakayeiona haraka. Alama kwa atakayekataa kufungua chochote na kupiga namba iliyosajiliwa. Wanafunzi walifanya vizuri, na nilifurahi kama mwalimu yeyote angefurahi, kwa sababu ilionekana wamefundishwa. Walinichambua mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliandika kwamba mlaghai huyu anajua kuigiza hofu lakini ameitia chumvi kupita kiasi, na kwamba habari za pupusa zimewekwa ili kumlegeza msomaji. Nikamwekea tiki.

Kisha nikafika kwa msichana mmoja aliyeandika mistari michache tu. Aliandika kwamba hajui kama ujumbe ni wa kweli au wa uongo. Aliandika kwamba mtu huyu ana kikao kesho asubuhi, na kama ni kweli basi yuko peke yake. Kwa hiyo yeye hatajibu, hatafungua kitu na hatafuta kitu. Atachukua gari, aende akamtazame huyo mtu.

Nililitafuta jibu hilo kwenye mwongozo. Halikuwapo. Anwani hakuitaja, haraka hakuitaja, namba ya ofisi hakuitaja. Nikainuka nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya sinki bila kuosha chochote, nikarudi nikalisoma tena. Kwa kanuni zetu alikuwa amelikosa swali lote, na kanuni hizo nyingi zilikuwa za mkono wangu.

Nikampa sifuri. Kisha nikalala juu ya meza nikalia kwa sauti, mpaka binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza kutoka chumbani kwake kama kuna mtu amekufa nyumbani Kenya. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hakuna, nilikuwa nasahihisha.